Mlango wa Kiingereza: Usomaji wa Mafundisho ya Utao na Historia ya Tafsiri katika Mwambao wa Ziwa Mweru

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna msomaji wa mwambao wa Ziwa Mweru, hususan katika makazi ya Mantapala, anavyoweza kuyafikia mafundisho ya kale ya Utao kupitia tafsiri za Kiingereza. Inadai kwamba tafsiri hizo si kioo kisicho na doa bali ni mlango uliochongwa na historia, na kwamba waliouchonga kwanza walitoka katika chama kilekile cha kimisionari kilichojenga kituo katika bonde la Luapula. Kwa kulinganisha Tao Te Ching na Ifikolwe Fyandi na Bantu Bandi, makala inaonyesha kinachopotea na kinachopatikana lugha ya tatu inapotumika, kisha inatoa mapendekezo kwa wanaopanga sera za vitabu na lugha katika maeneo ya mpakani.

1. Utangulizi

Kuanzia Agosti 2017 maelfu ya watu walivuka mpaka kutoka mikoa ya Haut-Katanga na Tanganyika ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na kuingia Mkoa wa Luapula, Zambia. Mwanzoni walipokewa katika kituo cha muda cha Kenani. Kuanzia mwaka 2018 wengi walihamishiwa Mantapala, wilayani Nchelenge, katika makazi yaliyoanzishwa na Serikali ya Zambia kwa kushirikiana na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi.

Kwa mtafiti wa lugha, Mantapala ni mahali pa kutazamwa kwa makini. Kiswahili cha Katanga kimekuja na wakimbizi. Kibemba kinazungumzwa pande zote mbili za ziwa. Aliyesoma Kongo amesoma kwa Kifaransa. Mtoto wake akiingia shule ya Zambia anakutana na Kiingereza, lugha rasmi ya nchi hiyo. Kwa hiyo kitabu chochote cha hekima ya mbali kinachofika hapo hupitia kwanza katika lugha ya Ulaya, na lugha hiyo huchaguliwa na mpaka, si na msomaji.

Makala hii inatumia vitabu vya Utao kama mfano kwa sababu mbili. Kwanza, Tao Te Ching, kitabu kinachohusishwa na Laozi, kimetafsiriwa kwa Kiingereza mara nyingi mno, na tofauti za tafsiri hizo ni kubwa. Pili, historia ya tafsiri hizo na historia ya uandishi kando ya Ziwa Mweru zina chimbuko moja ambalo halijazoeleka kutazamwa kwa pamoja.

2. Chama Kimoja, Nchi Mbili

Mwaka 1838 kijana wa Uskoti aliyeitwa David Livingstone alikubaliwa kwa majaribio na Chama cha Misheni cha London. Nia yake ilikuwa kwenda China. Vita vya Kasumba, vilivyoanza mwaka 1839, viliifunga njia hiyo, naye akapanda meli kuelekea kusini mwa Afrika mwishoni mwa mwaka 1840. Mskoti mwenzake, James Legge, aliyezaliwa Huntly mwaka 1815, alitumwa na chama hichohicho Malacca, na mwaka 1843 akahamia Hong Kong.

Livingstone, ambaye wakati huo hakuwa tena mtumishi wa chama hicho, aliliona Ziwa Mweru Novemba 1867 na mwezi huohuo akafika kwa Mwata Kazembe, akiwa katika njia za wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliokuwa wamelitangulia jina lake huko. Chama chenyewe kilifuata baadaye: kilifika Ujiji mwaka 1878 kikitokea Zanzibar, kikashuka hadi kusini mwa Ziwa Tanganyika, na mwaka 1900 kikaanzisha kituo cha Mbereshi katika bonde la Luapula.

Upande wa China, mmisionari mwingine wa chama hicho, John Chalmers, alichapisha mwaka 1868 tafsiri ya kwanza ya Kiingereza ya kitabu cha Laozi. Legge, ambaye mwaka 1876 alikuwa profesa wa kwanza wa Kichina katika Chuo Kikuu cha Oxford, alitoa tafsiri zake za vitabu vya Laozi na Zhuangzi mwaka 1891. Huo ndio mwaka ambao Msiri, mtawala wa Garenganze magharibi mwa ziwa, aliuawa, na Katanga ikawekwa chini ya Dola Huru ya Kongo.

Ulinganifu huu haumaanishi kwamba Chalmers na Legge walikuwa watafsiri wabaya. Legge alikuwa msomi mwenye subira, na katika kazi zake za vitabu vya Konfusio alisaidiwa sana na mwanazuoni Mchina Wang Tao. Unachoonyesha ni kwamba Kiingereza cha kwanza cha Utao kilitengenezwa na watu waliokwenda China kufundisha, si kufundishwa. Msomaji wa Luapula anapaswa kulitambua jambo hili kwa urahisi, kwani maandishi ya kwanza ya lugha za eneo lake yalitoka katika warsha za namna hiyohiyo.

3. Kiingereza Kipi?

Kusema kwamba mtu amesoma Utao kwa Kiingereza ni kusema machache. Tuchukue maneno mawili yaliyo katika jina la kitabu. Neno la kwanza, tao, lina maana ya njia, lakini katika Kichina lina pia maana ya kusema. Sentensi ya kwanza ya kitabu inacheza na maana hizo mbili, na mchezo huo haukubali kuingia katika Kiingereza. Legge aliona hakuna neno la Kiingereza linalotosha, akaliacha lilivyo. Arthur Waley, mwaka 1934, aliliita Njia. Neno la pili, te, Stanislas Julien alilifasiri kwa Kifaransa mwaka 1842 kuwa fadhila. Waley akaliita nguvu. Hivyo, wasomaji wawili wa Mantapala, mmoja aliyesoma Kifaransa upande wa Pweto na mwingine aliyesoma Kiingereza Nchelenge, wanaweza kubishana usiku kucha kuhusu kitabu kimoja, kila mmoja akiitetea lugha aliyopewa na shule.

Kiswahili kinaweza kuwa mwamuzi hapa. Neno njia halikomei kwenye barabara. Msemo wa wahenga kwamba njia ya mwongo ni fupi hauzungumzii umbali bali mwenendo. Mtu wa pwani ana pia neno tarika, lenye maana ya njia ya kiroho. Upana huu unakaribia upana wa neno la Kichina, ingawa maana ya kusema bado inabaki nje.

Kuna tofauti nyingine, ya matini yenyewe. Tafsiri za karne ya 19 zilitegemea matini zilizopokewa pamoja na fafanuzi za kale, ikiwemo ile ya Wang Bi wa karne ya 3. Mwaka 1973 nakala mbili za hariri ziligunduliwa katika kaburi la Mawangdui, mkoani Hunan, lililofungwa mwaka 168 KK. Ndani yake sehemu ya te inatangulia sehemu ya tao. Mwaka 1993 vipande vya mianzi vya kale zaidi vilipatikana Guodian, mkoani Hubei. Robert Henricks alichapisha mwaka 1989 tafsiri iliyojengwa juu ya nakala za Mawangdui. Stephen Mitchell, aliyetoa toleo lake mwaka 1988, hakukijua Kichina. Alifanya kazi kwa kuzitegemea tafsiri za wengine. Vitabu hivi vyote hukaa katika rafu moja chini ya jina moja.

4. Mfano wa Nyumbani

Tatizo hili halihitaji kuelezwa kwa mifano ya China pekee. Mwaka 1951 kilichapishwa kwa Kibemba kitabu Ifikolwe Fyandi na Bantu Bandi, historia ya Walunda wa Kazembe iliyoandikwa na Mwata Kazembe wa 14, Chinyanta Nankula, kwa msaada wa Padri Edouard Labrecque. Mwaka 1961 mwanaanthropolojia Ian Cunnison alikitoa kwa Kiingereza. Tafsiri hiyo ndiyo iliyokifikisha kitabu kwa wanahistoria wasiojua Kibemba.

Jina la Kibemba lina maana ya wahenga wangu na watu wangu. Anayezungumza ni mwenye nyumba, na kila jina la mhenga ni dai la urithi. Jina la Kiingereza, Historical Traditions of the Eastern Lunda, linatangaza mapokeo ya kihistoria ya Walunda wa Mashariki. Neno wangu limetoweka mara mbili. Mwenye nyumba amegeuka kuwa kabila, na dai limegeuka kuwa data. Hakuna kosa la sarufi lililofanyika, na kazi ya Cunnison imewafaa watafiti wengi. Hata hivyo, anayeanzia kwenye jalada la Kiingereza anaingia katika kitabu kingine: anapima kama habari ni za kweli, mahali ambapo msomaji wa Kibemba anauliza kwanza ni nani anayesema na kwa haki gani.

Mfano huu unampa msomaji wa mwambao huu faida ambayo msomaji wa London hana. Anayeweza kuiweka Ifikolwe mkono mmoja na tafsiri yake mkono mwingine ameona kwa macho yake Kiingereza kinavyofanya kazi. Akifungua Tao Te Ching, ambayo Kichina chake hakijui, anaweza kuuliza swali sahihi: hapa ni neno gani limetoweka?

5. Samaki Wadogo na Nchi Ndogo

Sura ya 60 ya kitabu hicho inalinganisha utawala wa nchi kubwa na upikaji wa samaki wadogo. Legge aliacha mlinganisho huo bila kuufafanua ndani ya sura. Mitchell aliongeza maelezo, kwamba samaki huharibika akichokolewa kupita kiasi. Maelezo hayo hayamo katika sentensi ya Kichina, ingawa yanafuata ufafanuzi wa kale: Han Fei, aliyefariki mwaka 233 KK, alieleza kwamba samaki wadogo wakigeuzwageuzwa hupoteza umbo, na vivyo hivyo nchi inayobadilisha sheria mara kwa mara huwachosha watu wake.

Nchelenge maelezo hayo hayahitajiki. Dagaa waitwao chisense huvuliwa usiku kwa taa na kuanikwa mchangani kando ya ziwa. Kila jikoni panajulikana mwiko unachoweza kuwafanya. Mahali hapa msomaji wa lugha ya tatu yuko karibu na matini kuliko mtafsiri aliyelazimika kuongeza sentensi. Kwa mshauri wa sera ya makazi, ambamo utaratibu wa mgao, ardhi na shule hugusa maisha ya kila siku ya watu waliokwisha kugeuzwa mno na vita, mlinganisho huo si pambo.

Ukaribu, hata hivyo, unaweza kudanganya. Sura ya 80 inasifu nchi ndogo yenye watu wachache, ambao husikia jogoo na mbwa wa majirani lakini huzeeka na kufa bila kuwatembelea. Wasomaji wengi wa Kiingereza wameipokea kama picha ya utulivu wa mashambani. Katika Luapula picha hiyo ina makali. Mpaka wa mto huu ulikubaliwa kati ya Uingereza na Dola Huru ya Kongo mwaka 1894, ukapita katikati ya watu waliokuwa wakivuka kuoana, kuvua na kuzika. Aliyekimbilia Mantapala yu hai kwa sababu jirani alitembelewa. Akiikataa sura hiyo hatakuwa ameshindwa kuisoma. Atakuwa ameisoma mahali ambapo gharama yake inaonekana. Na sura za 30 na 31, zinazosema kwamba miiba huota yalipopiga kambi majeshi na kwamba ushindi upokewe kwa taratibu za msiba, hazimtaki mtu huyo ashawishiwe.

6. Hitimisho na Mapendekezo

Historia iliyofuatwa hapa inaonyesha kwamba lugha ya tatu haimzuii msomaji kufikia hekima ya mbali. Kinachomzuia ni kutojua kwamba yuko katika lugha ya tatu. Mambo matatu yanafuata kwa wapangaji wa sera.

Kwanza, maktaba na shule za maeneo ya mpakani zisihesabu idadi ya vitabu tu, bali pia lugha zake. Tafsiri mbili za kitabu kimoja, ya Kifaransa na ya Kiingereza, zikijadiliwa kwa Kiswahili au Kibemba, humfundisha msomaji zaidi ya vitabu viwili tofauti. Pili, kila tafsiri ya Kiswahili inayotokana na Kiingereza itaje jambo hilo wazi kwenye jalada la ndani, pamoja na jina la mtafsiri wa kati na matini aliyoitumia. Tatu, njia ya moja kwa moja ijengwe. Kiswahili kimefundishwa katika vyuo vya Beijing tangu miaka ya 1960, na Kichina kinafundishwa katika Chuo Kikuu cha Zambia na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tangu mwaka 2019 Kiswahili ni lugha rasmi ya Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, ambayo Zambia na Kongo zote ni wanachama. Wataalamu wapo na msingi wa kisera upo.

Hadi njia hiyo ikamilike, mlango wa Kiingereza utaendelea kutumika, na si vibaya kuutumia. Msomaji wa Mantapala anahitaji tu kuelezwa nani aliuchonga, lini, na kwa mbao za wapi. Mengine atayapima mwenyewe, kwa lugha zake na kwa samaki wa ziwa lake.