Bakuli la Kichina, Ukuta wa Kiamu

Siku hizi ukitaja Lamu na China kwa pamoja, mazungumzo huenda njia mbili. Ya kwanza ni meli za Zheng He, yule amiri wa karne ya 15, na hadithi ya mabaharia wake waliovunjikiwa na chombo karibu na Pate. Ya pili ni bandari mpya, iliyojengwa na kampuni ya Kichina na ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Njia zote mbili zinafanana kwa jambo moja: Mchina ndiye anayekuja, na sisi tumesimama ufuoni tunamtazama tu. Mimi nataka kuanzia kwengine, ndani ya nyumba.

Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Katika nyumba kuu za mawe za Amu, nyingi zikiwa za karne ya 18, unapita daka, unapita kiwanda na misana, mpaka unafika chumba ambacho jina lake ni hilo hilo: ndani. Huko utakuta zidaka, yaani vishubaka vya chokaa iliyochongwa, safu juu ya safu, mpaka ukuta mzima umejaa. Humo ndimo wenyewe walimopanga vitu vyao vya thamani, na katika hivyo, sahani na mabakuli ya kauri kutoka China. Ndani ndiko alikowekwa bibi harusi, na ndiko maiti alikooshwa. Wazee husema bakuli lilipokea jicho la hasidi. Likipasuka lenyewe, basi limemkinga mtu.

Sasa tufikiri kidogo. Leo bakuli hilo tunaliita la kale. Lakini siku lilipoteremshwa chomboni lilikuwa jipya, sanaa ya wakati ule, kutoka miji ya China ya wakati ule. Watu wa visiwa hivi hawakungoja kusafiri ndipo waone Wachina wanatengeneza nini. Waliiona nyumbani, wakaijadili bei, wakachagua hili na kuliacha lile.

Na jambo hili halikuanza na Zheng He. Neville Chittick alipochimba Manda kuanzia 1966, na Mark Horton alipochimba Shanga miaka ya 1980, walikuta vigae vya Kichina katika tabaka za karne ya 9. Miongoni mwake ni vyombo vya matanuri ya Changsha. Mwaka 1998, karibu na kisiwa cha Belitung huko Indonesia, iligunduliwa meli iliyozama katika karne hiyo hiyo ikiwa na vyombo vya kauri takriban 60,000, vingi vikiwa vya Changsha. Meli yenyewe haikuwa ya Kichina. Mbao zake zilishonwa kwa kamba bila misumari, kama ulivyoshonwa mtepe wa huku kwetu. Kwa hivyo, miaka 600 kabla ya amiri huyo, bidhaa za China zilikuwa zikizunguka Bahari ya Hindi mikononi mwa wafanyabiashara wa bahari hiyo, na Manda na Shanga zilikuwa miongoni mwa vituo vyao.

Hata sura ya vyombo hivyo ilikuwa na mkono wa wanunuzi. Kauri ya buluu na nyeupe, ambayo dunia nzima huiona kuwa ndiyo China yenyewe, ilishamiri katika mji wa Jingdezhen karne ya 14, na rangi yake ya kobalti ilitoka Uajemi. Sahani kubwa kubwa zilitengenezwa kwa kufuata mezani mwa Waislamu wa magharibi mwa bahari. Jingdezhen mpaka leo ni mji wa wafinyanzi. Mwaka 2010 Ai Weiwei alipomwaga mbegu za alizeti za kauri, milioni 100, katika ukumbi wa Tate Modern mjini London, kila mbegu ilikuwa imetengenezwa na kupakwa rangi kwa mkono na mafundi wa Jingdezhen. Ni mji ule ule uliochoma mabakuli ya zidaka zetu.

Bakuli likishafika, mwenye kuamua lilikuwa fundi wa huku. Aliyelifinyanga alikusudia chombo cha kulia au cha kuhifadhia. Fundi wa pwani alilizamisha katika chokaa, uso ukatazama nje, kwenye nguzo ya kaburi la Mambrui na kwenye makaburi ya Siyu. Likawa pambo la marehemu Mwislamu kando ya maandishi ya Kiarabu. Ukiyapita makaburi hayo sasa utakuta matundu ya duara tu; vyombo vingi vimeng'olewa, vikachukuliwa au kuuzwa. Hata hivyo tundu linaonyesha kwamba mahali pa bakuli palichaguliwa na mtu.

Ndiyo maana hadithi ya damu hunipa wasiwasi. Wafamao wa Siyu husimulia kwamba wazee wao walikuwa mabaharia wa Kichina, walioogelea hadi Pate, wakasilimu na kuoa huko. Ni urithi wao na siwadharau. Lakini tazama ilivyotumiwa. Mwaka 2005, China ikiadhimisha miaka 600 tangu safari ya kwanza ya Zheng He, binti mmoja wa Siyu alialikwa huko kama mjukuu aliyepotea, akapata nafasi ya kusomea tiba Nanjing. Yvonne Adhiambo Owuor alichukua chimbuko kama hilo katika riwaya yake *The Dragonfly Sea* ya mwaka 2019, ambamo Ayaana wa Pate anavuka bahari kwenda China akiwa amebebeshwa jina la mzawa. Mwaka 2013 watafiti waliokuwa wakichimba Manda walitangaza kupata sarafu ya mfalme Yongle, aliyemtuma Zheng He, na magazeti yakaandika kana kwamba sasa ndipo Manda imepata historia. Sarafu, bwana, huzunguka mikono mingi. Ya pale inathibitisha kwamba Manda ilikuwa sokoni. Haithibitishi kwamba iligunduliwa na mtu.

Linganisha ukuta wa ndani na ukuta mwingine uliobeba jina letu. Mwaka 2013, katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice, ukumbi ulioandikwa Kenya ulijaa kazi za wasanii wa Kichina. Wakenya walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Mwaka 2015 orodha ikatoka tena, na wengi walikuwa Wachina vilevile. Wasanii wa Nairobi wakapiga kelele, na waziri wa utamaduni wa wakati huo, Hassan Wario, akasema serikali haikuwatuma watu hao. Michael Soi, ambaye tayari alikuwa akichora mfululizo wake wa kejeli kuhusu China na Afrika, aliichora aibu hiyo ya Venice. Mwaka 2017 ndipo wasanii wa Kenya walipokwenda, chini ya usimamizi wa Jimmy Ogonga.

Mtu anaweza kuniuliza: mbona unafurahia bakuli la Kichina ukutani Amu na kukasirikia picha ya Kichina ukutani Venice? Kosa la Venice halikuwa picha kutoka China. Wengine wa wasanii wale ni mahodari. Kosa ni kwamba ukuta ulikuwa na jina letu, na aliyechagua si sisi. Malalamiko ya wavuvi kuhusu bandari ni ya ukoo huo huo. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua walipwe fidia ya takriban shilingi bilioni 1.7, na katika kesi hiyo wananchi walilalamika kwamba mambo yalipangwa bila kuulizwa.

Kwa hiyo kijana wa Lamu anayekwenda leo Guangzhou kununua bidhaa, au Beijing kusoma, hana haja ya kujiona mjukuu aliyepotea wala mgeni anayeshangaa maghorofa. Wazee wake walikuwa wateja wa China kabla miji mingi ya Ulaya haijaijua kauri, na walikuwa wateja wagumu.

Na makumbusho zetu zina kazi ndogo ya kufanya. Kibandiko kinachosema "China, karne ya 15" kinasema kweli, lakini nusu. Kiongezwe mstari mmoja: liliwekwa ukutani Pate, na fundi wa Pate.