MIZANI ILIYOCHELEWA: NANI ALIYAPIMA MAJIVU YA RONGELAP?



Ndugu zangu, mtu akidhulumiwa kwa kitu kisichoonekana, kisicho na harufu wala ladha, ushahidi wake ataupata wapi? Hebu tuitazame historia.

Alfajiri ya tarehe 1 Machi 1954, Marekani ililipua bomu la haidrojeni lililopewa jina la Bravo kule Bikini, katika Visiwa vya Marshall, bahari ya Pasifiki. Walitarajia nguvu ya megatani 6 hivi, zikatoka 15. Saa chache baadaye, zaidi ya kilomita 150 upande wa mashariki, unga mweupe ukaanza kuwamwagikia watu wa Rongelap. Yalikuwa matumbawe yaliyosagwa na bomu. Watoto wakauchezea. Ukaingia katika maji ya kunywa na katika chakula.

Askari 28 wa Kimarekani waliokuwa Rongerik, jirani na hapo, waliondolewa tarehe 2. Wenyeji wa Rongelap walichukuliwa tarehe 3, baadhi yao tayari wakitapika na kuwashwa ngozi.

Sasa zingatia hapa. Rongelap hapakuwa na chombo cha kupimia mionzi. Kwa askari kilikuwepo, lakini kilifika mwisho wa kipimo chake kikakwama. Basi wataalamu wakahesabu kinyumenyume: wakapima ardhi siku kadhaa baadaye, wakakadiria ilikuwaje mwanzo. Wakapata radi 175 hivi, kiasi cha kumlaza mtu kwa ugonjwa wa mionzi. Hiyo ni ya nje ya mwili tu.

Na iliyoliwa je? Baada ya wiki mbili hivi ukakusanywa mkojo wa wenyeji, ikatafutwa aidini, yale madini joto tunayoyajua kwenye chumvi, ambayo mwili huyakusanya katika tezi ya shingoni. Aidini-131 hupungua nusu kila siku 8, kwa hiyo ilionekana bado. Lakini aidini-133 hupungua nusu kwa saa 21 tu. Ilikuwa imekwisha toweka, na madhara imeshayaacha.

Ndiyo maana makadirio ya mwanzo ya tezi yalikuwa madogo. Mwaka 1985 watafiti wa maabara ya Brookhaven walirudia hesabu, wakapata makubwa zaidi. Hesabu za namna hii hazikamiliki bila maswali ya kawaida kabisa: unga ulianguka saa ngapi? Watu walikula nini siku ile?

Wakati huo huo maisha hayakusubiri hesabu. Mwaka 1957 watu wa Rongelap walirudishwa kwao, wakiambiwa ni salama. Sesiamu-137, inayochukua miaka 30 kupungua nusu, ilikuwa mchangani, ikipanda katika nazi. Kuanzia 1963 uvimbe wa tezi ukajitokeza, hasa kwa waliokuwa watoto siku ile. Mwaka 1985 wakaihama ardhi yao tena.

Mwaka 1988 likaundwa baraza la madai. Halikumtaka kila mgonjwa athibitishe kipimo chake. Aliyeishi visiwani wakati wa majaribio yale 67 ya 1946 hadi 1958, akapata maradhi yaliyoorodheshwa, alihesabiwa kuwa amedhurika. Huo ulikuwa uadilifu. Lakini fedha za mfuko zikaisha kabla ya fidia zote kulipwa.

Funzo ni hili, ndugu yangu: aliyeshika kipimo akaacha kupima, hana haki ya kumwambia aliyedhurika, "Leta ushahidi." Mzigo wa kuthibitisha ni wake yeye.

Wabillahi tawfiq.