Uzito hupungua kwa wiki chache, kuuzuia usirudi ni kazi ya miaka

KATIKA Kata ya Samuye, wilayani Shinyanga, kama ilivyo kwingine Usukumani, viazi vitamu haviliwi vyote msimu wa mavuno. Vingine hukatwa vipande na kuanikwa vikiwa vibichi, vikawa michembe. Vingine huchemshwa kwanza ndipo vikaanikwa, vikawa matobolwa. Lengo ni moja: kaya isikose chakula mvua zitakapochelewa.

Mwili wa binadamu nao huweka akiba. Chakula kinachozidi mahitaji ya siku hugeuzwa kuwa mafuta, na siku chakula kinapopungua, mwili huyatumia mafuta hayo kwa ubahili. Tabia hiyo imewavusha watu wengi katika miaka ya njaa. Hata hivyo, ndiyo hiyo hiyo inayomtaabisha mtu aliyepunguza uzito kwa kujinyima chakula na sasa anataka abaki alivyo.

Tatizo la uzito uliozidi limekuwa kubwa nchini. Utafiti wa Afya na Idadi ya Watu Tanzania wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa asilimia 28 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Uzito huo huongeza hatari ya kupata kisukari cha aina ya pili, shinikizo la damu na maradhi ya moyo.

Njia mojawapo ya kuupunguza kwa haraka ni mlo wa kalori chache mno, yaani usiozidi kalori 800 kwa siku. Kiasi hicho ni sawa na kalori zilizomo katika unga wa mahindi usiofika robo kilo, ilhali watu wazima wengi huhitaji kalori 2,000 au zaidi kwa siku. Hospitalini mlo huo hutolewa kwa wiki kadhaa chini ya uangalizi, kwa vyakula vilivyoandaliwa maalumu ili protini, vitamini na madini visipungue.

Wapo pia wanaojitungia mlo wao: maji ya limau asubuhi, tunda mchana, na usiku kulala bila kula. Hawa hupungua, lakini pamoja na mafuta hupoteza misuli. Aidha, kupungua kwa kasi kunaweza kusababisha vijiwe katika mfuko wa nyongo.

Kwa nini uzito hurudi

Sehemu ya kilo zinazopotea katika wiki ya kwanza ni maji. Wanga unaohifadhiwa kwenye ini na misuli hukaa pamoja na maji, na akiba hiyo inapotumika, maji nayo hutoka. Mtu anaporudia kula ugali na wali, maji hayo hurejea. Kwa hiyo kilo moja au mbili zinazoongezeka katika siku za mwanzo si mafuta, wala si dalili ya kushindwa.

Linalofuata ndilo zito zaidi. Mwaka 2011 watafiti wa Melbourne, Australia, walichapisha matokeo ya watu 50 waliowekwa kwenye mlo wa kalori chache mno kwa wiki 10. Mwaka mmoja baada ya mlo huo kwisha, homoni zinazoamsha njaa zilikuwa bado juu kuliko mwanzo, na zile za kushibisha zilikuwa bado chini. Washiriki walikuwa wakihisi njaa zaidi kuliko kabla ya kuanza.

Hesabu za watafiti wa Marekani zilizotolewa mwaka 2016 zinaeleza jambo hilo kwa namna nyingine. Kwa kila kilo inayopotea, matumizi ya nguvu ya mwili hupungua kwa kalori 20 hadi 30 kwa siku, huku hamu ya kula ikiongezeka kwa takriban kalori 100. Aliyepunguza kilo 10 anatakiwa kula pungufu ya alivyokuwa akila zamani, wakati mwili wake unadai zaidi.

Hivyo anayerudisha uzito si lazima awe mlafi au mvivu. Anashindana na mwili unaodhani kuna njaa.

Tafiti zinavyoonyesha

Utafiti uitwao DiRECT, uliofanyika Scotland na kaskazini mwa Uingereza, uliwahusisha wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili. Waligawiwa mlo wa kalori zisizozidi 853 kwa miezi mitatu hadi mitano, kisha chakula cha kawaida kikarudishwa kidogo kidogo kwa wiki mbili hadi nane. Baada ya hapo walionana na wahudumu wa afya kila mwezi, na aliyeongezeka zaidi ya kilo mbili alisaidiwa mapema.

Baada ya mwaka mmoja, asilimia 46 walikuwa na sukari ya kawaida bila dawa. Baada ya miaka miwili walibaki asilimia 36. Waliofuatiliwa hadi mwaka wa tano, matokeo yake yakatolewa mwaka 2023, waliobaki hivyo walikuwa asilimia 13. Maana yake ni kwamba mafanikio ni ya kweli, lakini huyeyuka yasipotunzwa.

Nchini Denmark, watu 195 walikula kalori 800 kwa siku kwa wiki nane na kupungua wastani wa kilo 13. Kisha waligawanywa katika makundi. Kwa mujibu wa matokeo ya mwaka 2021, kundi ambalo halikupewa mazoezi wala dawa lilirudisha karibu nusu ya uzito huo katika mwaka mmoja. Waliofanya mazoezi waliulinda vizuri zaidi, na waliochanganya mazoezi na dawa ya liraglutide ndio waliofanikiwa kuliko wote. Ufuatiliaji wa baadaye ulionyesha kuwa waliotegemea dawa peke yake walirudisha uzito zaidi ilipositishwa, kuliko wale waliokuwa wamefanya mazoezi.

Namna ya kuulinda

Jambo la kwanza ni kupanga mwisho wa mlo kabla ya kuuanza. Vyakula virudishwe mlo mmoja baada ya mwingine kwa wiki kadhaa, badala ya kufunga leo na kesho kukaa mbele ya sahani ya chipsi.

Pili, sahani igawanywe. Nusu iwe mboga, kama mlenda, mchicha, tembele au majani ya kunde. Robo iwe maharage, dengu, choroko, dagaa, samaki au mayai, kwani protini hushibisha na kulinda misuli. Robo inayobaki iwe ugali wa mtama au dona, wali au michembe. Michembe na matobolwa ni vyakula vizuri, ila vikikauka hubaki na nguvu nyingi katika ujazo mdogo, hivyo vipimwe.

Tatu, mafuta na vinywaji vihesabiwe. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia kina kalori zipatazo 120, na soda ya mililita 350 huzidi kiasi hicho.

Nne ni kuushughulisha mwili. Nchini Marekani lipo daftari la watu waliopunguza angalau kilo 13.6 na kukaa hivyo mwaka mmoja au zaidi, lililoanzishwa mwaka 1994. Wengi wao hufanya mazoezi yapata saa moja kwa siku. Kwa mkazi wa Shinyanga, mkoa unaojulikana kwa baiskeli, saa hiyo inaweza kupatikana kwa kuacha bodaboda na kupanda baiskeli kwenda na kurudi kazini.

Tano, apime uzito mara moja kwa wiki, siku ile ile na saa ile ile. Ikizidi kilo mbili juu ya kiwango alichojiwekea, achukue hatua wiki hiyo hiyo, asingoje mwaka uishe.

Maneno ya watu

Kuna kizuizi kingine kisichopimwa kwa mizani. Katika jamii nyingi nchini, unene umechukuliwa kuwa dalili ya kushiba na kutunzwa, na wembamba kuwa dalili ya ugonjwa. Katika miaka ya kabla ya 2004, dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi zilipokuwa bado hazijaanza kutolewa bure katika mpango wa taifa, aliyekonda alinyooshewa kidole. Swali la "mbona umekonda, unaumwa?" bado huwarudisha wengi kwenye sahani kubwa. Inafaa mtu awaeleze mapema watu wa nyumbani kwake, hasa anayepika, kwamba amekusudia.

Kinyume chake, anayepungua bila kukusudia asifurahie. Katika maeneo ya machimbo, ambako vumbi la mawe huongeza hatari ya kifua kikuu, aliyekonda na kukohoa wiki mbili au zaidi apimwe bila kuchelewa.

Mlo wa kalori chache mno haumfai mjamzito, anayenyonyesha wala mtoto. Anayetumia dawa za kisukari au shinikizo la damu asiuanze bila kuonana na daktari, kwa sababu dozi ile ile inaweza kushusha sukari au shinikizo kupita kiasi na kumwangusha.

Kwa asiye na daktari wa kumfuatilia, kupungua kidogo kidogo kwa chakula cha nyumbani ni salama zaidi. Utafiti mwingine wa Australia, wa mwaka 2014, ulionyesha kuwa waliopungua haraka na waliopungua polepole walirudisha kiasi kinacholingana cha uzito baada ya takriban miaka mitatu. Tofauti basi haipo katika kasi ya kuushusha, bali katika maisha yanayofuata.