Tovuti Moja, Bei Kumi

Zamani katika mwambao wa Afrika Mashariki, ufundi ulikuwa na majina ya malipo yake. Mganga alipewa kifungua mkoba kabla hajaanza kazi, na fundi aliyemfunza kijana alipewa kilemba siku kijana alipohitimu. Seremala, mwashi na mshonaji walikuwa na kipimo kinachoonekana kwa macho: mlango, ukuta, kanzu. Mtengenezaji wa tovuti alipoingia sokoni, katikati ya miaka ya 1990, hakukuta jina wala kipimo. Kazi yake haishikiki, haipimwi kwa futi, na wateja wake wengi wa mwanzo hawakuwa wamewahi kufungua tovuti yoyote. Tangu hapo amekuwa akitafuta kitu cha kuhesabu.

Mwanzoni kabisa hapakuwa na la kuhesabu. Tovuti ya kwanza, info.cern.ch, iliwekwa hewani mwaka 1991 na Tim Berners-Lee katika kituo cha utafiti cha CERN, jirani na Geneva, na haikuwa na mteja. Tarehe 30 Aprili 1993, CERN ilitangaza kwamba teknolojia ya wavuti ni mali ya umma na yeyote aitumie bila kulipa. Hata majina ya vikoa yalitolewa bure hadi Septemba 1995, pale kampuni ya Marekani ya Network Solutions ilipoanza kutoza dola 50 kwa mwaka. Aliyesajili jina jipya alilipia miaka miwili kwa mkupuo, dola 100. Katika ankara ya tovuti, hiyo ndiyo namba ambayo mteja hakuweza kuipigania. Zilizobaki zote zilikuwa za kupatana.

Kipimo kilichozoeleka mapema kilikuwa ukurasa. Kilitoka kwa wachapaji na magazeti, na kwa jinsi kazi ilivyofanywa siku zile, kilikuwa na haki yake. Msanifu alichora ukurasa mzima kama picha moja kubwa, akaukata vipande kama fundi cherehani anavyokata kitenge mezani, kisha akavipanga ndani ya vijisanduku vya jedwali la HTML. Penye pengo alitia picha isiyoonekana, yenye ukubwa wa nukta moja, akaivuta kushoto na kulia mpaka nafasi ikajaa. Mbinu hiyo ilipata umaarufu mwaka 1996 kupitia kitabu cha David Siegel, Creating Killer Web Sites, na baadaye ikalaaniwa na karibu kila aliyeitumia. Namba ya simu ya ofisi ikibadilika, fundi alifungua faili moja baada ya jingine kuirekebisha. Kwa hiyo mteja mwenye kurasa 20 alinunua kazi nyingi kuliko mwenye kurasa 5, na hakuna aliyeona amepunjwa.

Afrika Mashariki ilikuwa imeshaanza kujipanga. Kikoa cha Kenya, .ke, kilisajiliwa mwaka 1993, na cha Tanzania, .tz, mwaka 1995. Mwaka 1994 Wakenya waliokuwa wamesoma Massachusetts walianzisha Africa Online, moja ya kampuni za kwanza kuwauzia watu wa Nairobi huduma ya intaneti. Lakini mawasiliano yote na nje yalipita kwenye setilaiti, kwa gharama kubwa na kwa mwendo wa kinyonga. Tovuti ya kampuni ilikuwa kama kibao cha shaba mlangoni: inasomwa zaidi na mgeni aliye ng'ambo, na mwenye mali huilipia kwa ajili ya heshima.

Huko New York, heshima hiyo ilikuwa imeota mbawa. Jeff Dachis na Craig Kanarick walianzisha Razorfish mwaka 1995, na kufikia 1999 hisa zake zilikuwa zikiuzwa kwenye soko la Nasdaq. Makampuni makubwa yaliyaogopa mabadiliko na yalikuwa tayari kulipa. Mwaka 2000 waanzilishi hao walihojiwa katika kipindi cha televisheni cha 60 Minutes II wakashindwa kueleza kwa lugha nyepesi ni kitu gani hasa walichokuwa wakiuza. London nako, duka la mavazi la mtandaoni Boo.com lilifunguliwa Novemba 1999 baada ya kuahirishwa mara kadhaa. Lilikuwa na picha za kuzungushwa na msichana wa katuni wa kumshauri mnunuzi, wakati wanunuzi wengi walitumia laini ya simu na walisubiri dakika nzima ukurasa ufunguke. Mei 2000 lilifungwa likiwa limeteketeza takriban dola milioni 135. Hisa za Razorfish nazo ziliporomoka, na enzi ya kutaja bei kwa kumtazama mteja usoni ikapoa.

Baada ya kishindo hicho, wateja walitaka hesabu. Ndipo saa ikachukua nafasi ya ukurasa, kama ilivyokuwa kwa mawakili kwa muda mrefu.

Hesabu ya saa ni rahisi kuitaja na rahisi kuikosea. Chukulia msanifu wa Dar es Salaam anayetaka kubaki na shilingi 1,500,000 kwa mwezi. Akigawanya kwa saa 160 za kazi, anapata shilingi 9,375 kwa saa, na anadhani amemaliza. Lakini nusu ya muda wake inaishia kwenye vikao, simu, foleni ya Morogoro Road na kufuatilia malipo yaliyoahidiwa Ijumaa iliyopita. Saa anazoweza kumtoza mtu ni kama 80, na bei yake halisi ni shilingi 18,750, kabla ya bando, umeme na kodi. Wengi waliogundua hilo waligundua wakiwa tayari na madeni.

Saa ina kasoro nyingine: mwenye mkono mwepesi anajipunja. Katika mabishano kuhusu bei wasanifu hurejea visa viwili vilivyotangulia wavuti. Mwaka 1971 Carolyn Davidson, mwanafunzi wa usanifu huko Portland, Oregon, alichora alama iliyokuja kuwa ya Nike akalipwa dola 35. Phil Knight, mwanzilishi mwenza wa kampuni hiyo, alikuwa amezoea kumlipa dola 2 kwa saa kwa kazi nyingine, hivyo dola 35 ni sawa na saa 17 na nusu. Mwaka 1983 kampuni ilimzawadia pete na hisa. Kisa cha pili ni cha 1986, Steve Jobs alipomwendea msanifu mkongwe Paul Rand amtengenezee alama ya kampuni ya NeXT na kumwomba ampe michoro kadhaa ya kuchagua. Rand alikataa. Alileta mchoro mmoja, ukiwa na kijitabu cha kuueleza, akalipwa dola 100,000. Davidson alikuwa ameuza muda, Rand akauza jibu. Kwa kufuata mfano wa Rand, baadhi ya wasanifu wa tovuti walianza kumuuliza mteja biashara itaingiza nini tovuti ikifanya kazi vizuri, na kutaja bei kama sehemu ya jibu hilo.

Kilichoua kabisa bei ya ukurasa ni programu ya bure. WordPress ilitolewa tarehe 27 Mei 2003 na Matt Mullenweg na Mike Little, na kwayo kuongeza ukurasa kukawa kubofya kitufe. Mwaka 2008 kampuni ya Envato ya Australia ilifungua ThemeForest, soko la violezo vilivyokwisha kushonwa, mtu anunue kwa makumi ya dola na kuvivaa. Aliyewahi kutoza kwa kila ukurasa akajikuta anauza maji kando ya mto. Kabla hajapumua, simu za mkononi zilileta sharti jipya: mwaka 2010 Ethan Marcotte alieleza mbinu ya kuufanya ukurasa mmoja ujipange upya kulingana na upana wa kioo. Kazi iliyokuwa imerahisishwa ikawa ngumu tena, na mteja hakuona tofauti yoyote kwenye kompyuta yake ya mezani.

Julai 2009 mkongo wa mawasiliano wa SEACOM ulianza kazi, ukiziunganisha Kenya na Tanzania na dunia kupitia baharini. M-Pesa ilikuwa Kenya tangu Machi 2007. Kijana wa Nairobi aliweza sasa kupokea advansi kwa simu akiwa ndani ya matatu, na kushindania kazi za ng'ambo kupitia masoko ya Elance na oDesk, yaliyokuja kuungana na kuitwa Upwork. Hapo bei mbili zikaishi katika chumba kimoja. Mteja wa mtaani alitaja laki mbili kwa sababu mpwa wake angeifanya kwa hiyo, na mteja wa Ulaya alitaja dola kwa saa huku akilinganisha Nairobi na Manila.

Tatizo la mpaka wa kazi, yaani mteja kuongeza mahitaji kazi ikiendelea, halikumwacha hata tajiri. Oktoba 1, 2013, serikali ya Marekani ilifungua HealthCare.gov, tovuti ya kununulia bima ya afya, na siku hiyo watu 6 tu walifanikiwa kujiandikisha hadi mwisho. Wakaguzi wa GAO, ofisi ya ukaguzi ya serikali hiyo, walieleza baadaye kwamba mahitaji yaliendelea kubadilika kazi ikiendelea, chini ya mkataba unaomrudishia mkandarasi gharama zake. Gharama ya mfumo mkuu ilipanda kutoka dola milioni 56 hadi zaidi ya milioni 209. Miaka miwili kabla yake, huko San Francisco, msanifu Mike Monteiro alikuwa amepanda jukwaani na mwanasheria wake kuwahimiza wenzake wasiguse kazi bila mkataba, katika hotuba ambayo jina lake haliandikiki kwenye gazeti la heshima.

Leo nukuu ya bei inayotumwa kwa WhatsApp huko Mombasa au Mwanza imebeba tabaka zote hizo. Nusu ya malipo hutangulia, na mganga wa zamani angeitambua mara moja. Kikoa kinaandikwa peke yake, kwa mwaka. Masahihisho yamehesabiwa: mawili au matatu, na baada ya hapo saa inaanza kulipiwa. Mstari wa mwisho, ule ambao wateja huuliza kwanza kama unaweza kufutwa, ni ada ya matunzo ya kila mwezi: kusasisha programu, kuhifadhi nakala, kuwafukuza wadukuzi.

Info.cern.ch yenyewe ilifika mahali ikahitaji mtu wa kuishughulikia. Kurasa zake za awali zilikuwa zimeondoka kwenye anwani yake, na miaka 20 baada ya tangazo la 1993, CERN ililazimika kuanzisha mradi wa kuzitafuta na kuzirudisha hewani. Hazina picha wala rangi za kujivunia, ni maandishi na viungo tu.