Sharti la Moshi: Karadha za Serikali ya Marekani kwa Waundaji wa Magari

Wakuu wa General Motors, Ford na Chrysler walipokwenda Washington mwezi wa Novemba 2008 kuiomba Serikali iwaauni kwa mabilioni ya dola, nao kila mmoja amewasili kwa ndege ya kampuni yake, hasira za watu zilielekea kwenye zile ndege, na wachache tu ndio waliokumbuka jambo zito zaidi, nalo ni kwamba waombaji hao walikuwa bado wamo mahakamani wakizipinga sheria za majimbo, California ikiwa mbele, za kupunguza moshi wa magari.

Sheria ya California ilikuwa ya mwaka 2002, nayo ilikusudia kupunguza zile hewa zinazoitia dunia joto. Lakini haikuweza kutekelezwa ila kwa idhini ya idara ya mazingira ya Washington, na idhini hiyo, iliyoombwa tangu 2005, ilikataliwa Desemba 2007. Ndipo ilipozuka rai Bungeni kwamba atakaye fedha za umma na aziache kwanza kesi zake. Kwangu mimi hiyo ilikuwa haki isiyohitaji ushahidi, kwani ni dhuluma raia kutozwa kodi, kisha kodi hiyo hiyo imnusuru anayelipa mawakili ili raia yule aendelee kuvuta moshi. Walakini Ikulu ya Rais Bush ililikataa sharti hilo, likafutwa katika mswada wa kuwakopesha waundaji hao. Na mswada wenyewe, baada ya kupita katika Baraza la Wawakilishi tarehe 10 Desemba 2008 kwa kura 237 dhidi ya 170, ukafia katika Seneti siku ya pili yake.

Tarehe 19 Desemba Bush akazitoa dola bilioni 17.4 katika fungu lililokuwa limewekwa kwa ajili ya mabenki. Karadha hizo nazo zilitaja mazingira, ila kwa kuwataka wakopaji wazifuate kanuni za mafuta na moshi zilizokuwapo, na kumwekea mtu sharti la kutii sheria ambayo tayari inamlazimu si kumwongezea mzigo wowote.

Obama, aliyeshika madaraka Januari 2009, hakutimiza hata wiki moja kabla ya kuamuru ombi la California litazamwe upya. Machi aliirudisha mipango ya General Motors na Chrysler kuwa haitoshi. Tarehe 30 Aprili Chrysler ikakimbilia mahakamani kujikinga na wawia wake. Katika misukosuko hiyo, tarehe 19 Mei, wakuu wa makampuni walisimama naye katika bustani ya Ikulu alipotangaza kipimo kimoja cha nchi nzima, wastani wa maili 35.5 kwa galoni kwa magari ya mwaka 2016, nao wakaridhia kuziacha kesi zao. Ford, ambayo haikuchukua karadha ile, ilikuwamo, na Toyota kadhalika. Hivyo haistahiki kusema kwamba deni peke yake ndilo lililowaleta. Lakini siku 13 baadaye General Motors nayo iliingia mahakamani kama Chrysler, na ni muhali kudhani kwamba aliye katika dhiki ya namna hiyo angeweza kushindana na mwenye kumlisha.

Ufaransa, iliyozikopesha Renault na Peugeot-Citroën euro bilioni 3 kila moja mwezi wa Februari mwaka huo, kwa upande wake ilishughulika zaidi na viwanda vyake visifungwe kuliko na moshi.

Tukirudi Marekani, sharti lililo bayana kuliko yote liliandikwa kwa ajili ya Fiat ya Italia, iliyopewa asilimia 20 ya Chrysler katika mpango wa kuiokoa kampuni hiyo, bila ya kutoa fedha taslimu, ikaahidiwa asilimia 15 nyingine kwa mafungu matatu ya asilimia 5, kila fungu na kazi yake. Fungu moja lilisubiri gari la maili 40 kwa galoni litakaloundwa katika ardhi ya Marekani. Gari hilo lilikuwa Dodge Dart, la kiwanda cha Belvidere, Illinois. Na ijapokuwa maili zile 40 zilikuwa za kipimo cha maabara, ambazo dereva barabarani hazipati zote, Januari 2012 Fiat ilikabidhiwa hisa zake.