Nani Aliyekataza Sentensi ya Kiingereza Iishie na "With"?

Mtu akipanda kilima mbio, Kiingereza kinasema "he ran up a hill". Akikopa dukani mpaka deni likarundikana, kinasema "he ran up a bill". Ukizitazama, sentensi hizi mbili ni pacha. Sasa ondoa kilima, ondoa na deni, halafu weka kiwakilishi "it" mahali pake. Ya kwanza inakuwa "he ran up it". Ya pili haikubali hivyo hata kidogo; lazima useme "he ran it up".

Hapo ndipo utajua kwamba hawakuwa pacha. Kwenye kilima, "up" ni kihusishi: imeshikana na kilima na kutuonyesha mtu alikoelekea. Kwenye deni, "up" ni mali ya kitenzi. "Run up" hapo ni neno moja lililogawanyika vipande viwili, na "it", kwa kuwa ni jepesi na halina mkazo, linajibana katikati yao. Jina linaweza kukaa pande zote mbili ("look up the word", "look the word up"), lakini kiwakilishi hakina ruhusa hiyo. Ni "look it up" tu.

Sisi wengi tuliyapata mambo haya shuleni kwa orodha: "give up" kukata tamaa, "put up with" kuvumilia, "look down on" kudharau. Unakariri, unafanya mtihani, unasahau. Ila orodha ile ina historia nyuma yake.

Kiingereza cha kale, kile cha kabla ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066, kilipenda kuweka vijineno hivi mbele ya kitenzi, vikiungana nacho kama viambishi. Kutoka nje kulikuwa "utgan", yaani nje-enda. Mabaki yapo mpaka leo: "forgive", "understand", "withstand". Hilo la mwisho linachekesha kidogo, maana "wið" zamani ilimaanisha dhidi ya. "Withstand" ni kusimama dhidi ya kitu. Baadaye "with" ikageuka kuwa neno la kuwa pamoja, huku "fight with" ikibaki na ule ugomvi wa zamani.

Majina na viwakilishi navyo vilikuwa na viishio vya kuonyesha nani ametenda na nani ametendewa. Viishio vile vilipolika, mpangilio wa maneno ukabebeshwa kazi yao, na vijineno vikazidi kuhamia nyuma ya kitenzi. Wataalamu wengi wanaona pia mkono wa Waskandinavia, ambao baada ya mashambulizi ya karne ya 8 na ya 9 walihamia kaskazini na mashariki mwa Uingereza. Lugha yao ilikuwa imezoea kijineno kufuata kitenzi. Kama unaona ni kubahatisha, kumbuka kwamba hata viwakilishi "they" na "them" Kiingereza kilivipata kwao. Lugha inayoazima kiwakilishi imeishi na jirani yake chungu kimoja.

Moja ya mifano ya mapema kabisa ya "give up" imo katika tarehe iliyoandikwa na watawa wa Peterborough katikati ya karne ya 12. Mwandishi anasimulia jinsi Mfalme Stephen alivyomkamata Askofu Roger wa Salisbury na jamaa zake, akawaweka kifungoni mpaka wakasalimisha ngome zao. Hapo hakuna kukata tamaa. Ni kutoa kitu na kumkabidhi mwenye nguvu. Maana ya moyo kushindwa ilikuja baadaye. Samuel Johnson, alipotoa kamusi yake mwaka 1755, alieleza kwenye dibaji kwamba vitenzi vya namna hii ndivyo vinavyowasumbua sana wageni. Kwa hiyo ukisumbuka, husumbuki peke yako.

Sasa tuje kwenye ile kalamu nyekundu. Wapo wanafunzi wanaokatwa alama kwa kuandika "the man I came with", wakiambiwa sentensi haiishii na kihusishi. Amri hii haikutoka kwa wasemaji wa Kiingereza kwa jumla. Tunaweza kumtaja mtu.

Mwaka 1672 mshairi John Dryden aliandika makala ya kuwapima watunzi wa kizazi kilichomtangulia. Katika kumkosoa Ben Jonson, alichomoa mstari wa tamthilia yake *Catiline* ya mwaka 1611 na kusema una kosa: kihusishi kimeachwa mwishoni. Akaongeza kwamba kosa hilo ameliona karibuni hata katika maandishi yake mwenyewe. Alipotoa upya mwaka 1684 insha yake maarufu kuhusu tamthilia, alipita sentensi baada ya sentensi akivihamisha vihusishi vile. Kipimo chake kilikuwa Kilatini. Aliwahi kukiri kwamba akiwa na shaka na Kiingereza chake hukitafsiri kwa Kilatini aone kama kitasimama. Na katika Kilatini jina lenyewe la kihusishi maana yake ni kilichowekwa mbele. Ukimpima samaki kwa uwezo wake wa kupanda mti, utapata makosa mengi.

Askofu Robert Lowth, ambaye mara nyingi hubebeshwa lawama hii, alikuwa mpole zaidi. Katika sarufi yake ya mwaka 1762 alisema mtindo ule umeenea katika mazungumzo na unafaa maandishi ya kawaida, ila kwenye maandishi ya heshima ni vizuri zaidi kukitanguliza kihusishi. Na sentensi aliyoutajia mtindo huo aliishiliza kwa kihusishi! Sidhani alipitiwa. Waliomfuata ndio waliogeuza ushauri wa askofu kuwa sheria.

Kiswahili nacho kinapambana na tatizo hilohilo, kwa njia yake. "Kisu cha kukatia nyama": ile -ia- imebeba kazi ya "with" ndani ya kitenzi, wala hakuna neno lililobaki likining'inia. "Mtu niliyekuja naye": hapa "na" imebaki mwishoni kabisa, lakini imevishwa kiwakilishi. Kiingereza kinaiacha uchi. Mwanafunzi aliyezoea "naye" akiandika "the man I came with him", hilo ndilo kosa la kusahihishwa, maana Kiingereza sanifu hakitaki "him" pale. Akiandika "the man I came with", apewe alama zake. Kama ni barua ya kuomba kazi, anaweza kuambiwa ajaribu "with whom I came", kama alivyoshauri Lowth, aone kama inamkaa mdomoni.