Almasi na kinywe: kaboni moja, maumbo mawili

Almasi za Mwadui, mkoani Shinyanga, alizogundua John Williamson mwaka 1940, na madini ya kinywe yanayopatikana Mahenge, mkoani Morogoro, yote ni kaboni. Kinachoyatofautisha ni mpangilio wa atomu. Katika kinywe, atomu zimejipanga kwa matabaka yanayoteleza, ndiyo maana penseli huandika. Katika almasi, iliyoumbika chini sana ardhini kwa joto na mgandamizo mkubwa, kila atomu imeshikana na nyingine nne pande zote, ndiyo maana hukwaruza kioo.

Lakini tunawakumbusha wachimbaji wadogo: ugumu si kutovunjika. Almasi ikigongwa kwa nyundo hupasuka kufuata mpangilio huohuo, na thamani yake hushuka. Jiwe unalodhani ni almasi usilijaribu kwa nyundo. Lipeleke kwa mthamini wa madini.